Vipele viganjani na maumivu ya kifua huenda ni ugonjwa mmoja

MTU anayeumwa na mfupa wa kifua humwendea daktari wa mifupa. Mwenye vipele viganjani humwendea daktari wa ngozi, au mara nyingi zaidi hukimbilia duka la dawa mtaani akanunue krimu. Ni wachache wanaofikiri kwamba shida hizo mbili zaweza kuwa na chanzo kimoja.

Upo ugonjwa adimu uitwao SAPHO, jina lililotolewa na madaktari wa Ufaransa mwaka wa 1987. Herufi hizo tano zinasimamia mambo matano: kuvimba kwa viungo, chunusi sugu, vipele vya usaha, mfupa kunenepa kupita kiasi na mfupa wenyewe kuvimba.

Kwa watu wazima, mifupa inayoshambuliwa zaidi ni ya mbele ya kifua, pale mitulinga, kidari na mbavu za juu zinapokutana. Sehemu hiyo huuma na kuvimba, na mgonjwa hushindwa kuinua mkono vizuri au kulalia upande huo. Miaka ikipita, mfupa huzidi kunenepa na viungo vyaweza kushikana. Mara nyingine mfupa hubana mshipa wa damu, mkono nao ukavimba. Wengine huumwa na uti wa mgongo.

Kwenye ngozi, malengelenge madogo yenye usaha huota viganjani na nyayoni. Hukauka, ngozi ikabambuka, kisha yakarudi tena. Wengine hupata chunusi nzito usoni, kifuani na mgongoni. Lakini ngozi na mifupa si lazima viugue wakati mmoja. Miaka kadhaa yaweza kupita kati ya kimoja na kingine, na wapo wasiougua ngozi kabisa.

Hapo ndipo penye hatari. Katika picha ya eksirei, mfupa huo waweza kufanana na wenye kansa, kifua kikuu au maambukizi ya bakteria. Daktari hana budi kuyachunguza hayo kwanza, hasa hapa kwetu ambako kifua kikuu kingali kinasumbua wengi. Lakini mgonjwa asiyetaja habari za ngozi yake huenda akameza dawa za kuua bakteria kwa miezi mingi bila nafuu, au akakatwa vipande vya mfupa vya kupimwa tena na tena. Kumwonyesha daktari viganja na nyayo hakugharimu hata senti moja.

Jambo jingine ambalo familia zafaa kujua ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Usaha wa malengelenge hayo ukipimwa katika maabara, kwa kawaida hauna viini. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe chake wala kukwepa kumpa mkono.

Je, unatibika? Hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini waweza kudhibitiwa. Madaktari huanza na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama vile ibuprofen. Zisipofaa, baadhi ya wagonjwa hupewa pamidronate, dawa ya mifupa inayopitishwa kwenye mshipa, au dawa nyingine za kutuliza kinga ya mwili. Usijinunulie ibuprofen ukaitumia kwa miezi bila ushauri, kwani yaweza kudhuru tumbo na figo. Anayevuta sigara naye aache, kwa sababu wengi wanaopata vipele hivi vya viganjani ni wavutaji.

Kijana mwenye chunusi asipatwe na hofu. Karibu kila kijana hupata chunusi, na ni wachache mno wanaopata SAPHO. Lakini mfupa ukiuma kwa wiki kadhaa bila kuumia popote, na ngozi iwe inasumbua au iliwahi kusumbua, andika kwenye karatasi ni lini kila kimoja kilianza, kisha umpelekee daktari. Omba uelekezwe kwa daktari wa baridi yabisi.

Maumivu ya kifua yanayokuja ghafla pamoja na kukosa pumzi ni jambo tofauti. Hayo hayangoji karatasi. Nenda hospitali mara moja.