Tovuti za wenye ulemavu zisiwafungie mlango wenyewe

Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huo huo, hapa Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, kilianzishwa chuo cha mafundi wa viungo bandia kijulikanacho kwa jina la TATCOT, ambacho tangu hapo kimefunza mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka uliofuata Bunge letu lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya wenye ulemavu. Mkoa wa Kilimanjaro basi si mgeni katika jambo hili. Wazazi wa Rombo, Kibosho, Machame na Marangu wamezoea kuteremka mjini na watoto wao mgongoni kutafuta huduma.

Lililo jipya ni kwamba siku hizi njia ya kuifikia huduma huanzia kwenye simu. Siku ya kliniki, gharama, karatasi za kuja nazo na namba ya kupiga huwekwa kwenye tovuti. Awezaye kuisoma huokoa nauli. Asiyeweza huondoka kihambani alfajiri, hulipa bodaboda mpaka barabara ya lami, hupanda daladala mpaka stendi, kisha huambiwa kwamba mtaalamu huja Alhamisi. Kwa mtu atembeaye kwa magongo katika njia za mlimani wakati wa masika, safari moja ya bure si jambo dogo.

Nimezifungua tovuti kadhaa za watoa huduma hao. Sitazitaja, kwa kuwa shabaha yangu si kumwaibisha mtu. Nyingi zinapendeza macho: picha kubwa za watoto wanaotabasamu zikipishana zenyewe, maneno ya Kiingereza, na kitufe cha kuchangia fedha juu kabisa. Siku ya kliniki utaikuta chini, imeandikwa ndani ya picha. Haihitaji upelelezi kujua tovuti hizo zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Mfadhili anayo haki ya kujua fedha zake zimefanya nini, lakini haiwezekani mgeni akaribishwe sebuleni na mwenye nyumba aachwe nje ya ua.

Yafaa tueleze asiyeona anavyoitumia simu, maana wengi wetu hatujui. Ndani ya simu imo programu inayoyasoma maandishi kwa sauti. Kwa kompyuta ipo moja iitwayo NVDA, ambayo haiuzwi; ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, wote wawili wasioona. Programu hizi husoma maandishi tu. Zikikuta picha isiyo na maelezo hutamka neno “picha” na kupita, au husoma jina la faili, ambalo kwa kawaida ni mfululizo wa tarakimu usio na maana. Zikikuta kitufe kisicho na jina husema “kitufe”. Kitufe cha nini? Hapo ndipo msomaji anapokwama.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu sisi wa Kiswahili. Kila ukurasa huwa na alama ndogo, isiyoonekana, inayoitambulisha lugha yake. Fundi anayenakili kazi ya nje huiacha alama ya Kiingereza juu ya maneno ya Kiswahili, na programu huyasoma maneno yetu kwa matamshi ya London. Jaribuni kulisikiliza neno “Jumatano” likisomwa hivyo. Kulisahihisha ni kubadili herufi mbili tu.

Lakini ningependa kukaa zaidi juu ya desturi moja ya ofisi zetu, kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu ni watumishi wa umma na walimu. Barua huandikwa kwenye kompyuta, ikiwa maandishi safi kabisa ambayo mashine ingeweza kuyasoma. Kisha huchapwa, hutiwa saini, hupigwa mhuri, na hupigwa picha ili iwekwe kwenye tovuti. Mhuri umeonekana na maandishi yamekufa. Ndivyo zinavyotolewa tangazo la kazi, fomu ya kujiunga na shule, hata orodha ya watakaopewa viti vya magurudumu. Shule ya Msingi Mwereni, hapa mjini, wanafunzi wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona. Mmoja wao atakapokua na kutafuta chuo au kazi, atakutana na picha ya barua iliyo kimya. Sisemi mhuri uondolewe. Nasema maandishi yenyewe yawekwe kando ya picha. Ni kazi ya dakika moja.

Wasioona si peke yao. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, yanayopendwa sana na mafundi wa sasa, kwao ni ukungu mtupu. Kiziwi hukutana na filamu ya maelezo isiyo na maandishi wala mkalimani wa Lugha ya Alama. Na ziko tovuti zinazomtaka mtu athibitishe kuwa ni binadamu kwa kuchagua picha za taa za barabarani. Asiyeona anaulizwa swali hilo na mashine, na akishindwa hukataliwa!

Sheria haikukaa kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, nao unaitaja intaneti waziwazi. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Viwango vya kimataifa vya kutengeneza tovuti vipo tangu 1999, na toleo la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023.

Wapo watakaosema kwamba wenye ulemavu wengi wa vijijini hawana simu janja. Ni kweli. Lakini mwalimu wa mtoto anayo, afisa ustawi wa jamii anayo, shangazi aliyeko mjini anayo. Tena ukurasa mwepesi wenye Kiswahili cha wazi, usiomaliza bando, humfaa kila mtu, na maneno yake yaweza kusomwa kanisani, msikitini au redioni bila kubadilishwa.

Hakuna fundi wa TATCOT atengenezaye mguu bila kumpima atakayeuvaa. Huchukua vipimo, humvalisha, humtembeza, husikiliza wapi panauma, kisha hurekebisha. Fundi wa tovuti naye afanyiwe hivyo. Kabla ya kulipwa fungu la mwisho, mtoa huduma awaite watu watatu au wanne kutoka Chama cha Wasioona na Chama cha Viziwi, awalipe nauli na posho kama alipavyo wataalamu wengine, kisha awaombe watafute siku ya kliniki, gharama na namba ya simu, kila mmoja kwa simu yake mwenyewe. Wasipozipata, hati ya malipo isitiwe saini.