Hisa Rahisi za Ugenini

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mama anayenunua samaki Kariakoo haulizi bei tu. Humfunua mashavu, akamtazama na macho. Mnunuzi wa hisa naye hana budi kufanya vivyo hivyo, hasa hisa zenyewe zikiwa za nchi asiyoijua vema.

Mwaka 2002 tajiri wa Kimarekani, Warren Buffett, alisoma taarifa ya mwaka ya PetroChina, kampuni ya mafuta ya Uchina ambayo sehemu yake kubwa ni mali ya serikali. Sokoni, kampuni nzima ilikuwa na bei ya dola bilioni 37 hivi. Yeye na mwenzake, Charlie Munger, waliikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 100.

Hata hivyo, kulikuwako na Yukos ya Urusi, nayo ya mafuta, nayo bei yake ya chini. Buffett aliziweka zote mbili katika mizani moja. Hesabu za mapipa na faida hazikutosha kuamua. Alitazama pia ni nchi ipi ambamo mali ya mwenye hisa ingekuwa na usalama zaidi. Akachagua Uchina. Katika mwaka huo na uliofuata alinunua asilimia 1.3 ya PetroChina kwa dola milioni 488.

Oktoba 2003 mkuu wa Yukos, Mikhail Khodorkovsky, alitiwa mbaroni. Yakafuata madai mazito ya kodi. Desemba 2004 tawi lake kubwa la uchimbaji likanadiwa, na mwaka 2006 kampuni ikatangazwa kuwa imefilisika. Waliodhani wameokota dodo chini ya mwarobaini walibaki na makaratasi.

Fungu lile la PetroChina lilikuwa dogo katika mali ya Buffett. Lingepotea, asingelala njaa. Mfanyakazi anayetia akiba yake yote katika kampuni moja hana nafasi hiyo, awe amenunua ng'ambo au katika Soko la Hisa la Dar es Salaam lililoanza biashara mwaka 1998.

Mwaka 2007, bei ya mafuta ikiwa imepanda mno (bahati nayo ilichangia, kwa maoni yangu), Buffett aliuza hisa zake kwa dola bilioni 4. Kodi aliyotozwa kwao kwa faida hiyo ilikuwa dola bilioni 1.2. Kwa hesabu yake mwenyewe, fedha hizo zilitosha kuiendesha serikali ya Marekani kwa muda wa saa nne hivi.