Kosa Si la Kitabu

Wako watu katika pwani yetu, tangu Mikindani hata Msimbati na vijiji vya kando ya Ruvuma, wajuao kusoma vizuri; lakini wakipewa kitabu kiitwacho Nagona hukirudisha kabla ya kurasa kumi, wakinena, "Hakina kichwa wala miguu." Hivyo ndivyo wamfanyavyo na nduguye, Mzingile. Vitabu hivi vidogo vilitungwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, vikatoka mwaka 1990 na 1991.

Ni kweli havifanani na riwaya nyingine. Msimuliaji husafiri kama mtu aotaye ndoto, mambo hayafuatani, na katika Nagona hutokea wenye hekima waliokufa zamani, kama Socrates na Plato. Lakini nauliza: bibi zetu waliposema "Paukwa," nasi tukaitika "Pakawa," ni nani aliyeuliza fisi alijifunza wapi kusema? Ni nani aliyetaka kujua mwaka? Kijana wa ngano aendaye asikokujua, akakuta kikongwe njiani, ndiye huyu huyu. Kitabu hakikupotea njia; sisi tumepoteza sikio.

Wengine husema kwamba hadithi za namna hii hazimpasi Mkristo. Je, hawajui kwamba Edward Steere, aliyewaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hata Masasi mwaka 1876, ndiye aliyechapisha ngano za Unguja mwaka 1870, pamoja na kisa cha Sultani Darai na paa asemaye? Na katika kitabu cha Waamuzi, je, Yothamu hakuisimulia miti ikitafuta mfalme?

Sisemi kila neno la Kezilahabi limezwe. Auliza maswali makali juu ya Mungu na juu ya kweli. Lakini swali halijibiwi kwa kufunga kitabu. Na kijana anyimwaye kuuliza mbele ya wazee atakwenda kuuliza gizani.

Tena wako walimu wawaagizao watoto kuwinda funzo kabla hawajaisikia hadithi. Hao huchuma embe changa, kisha hulaumu mwembe.

Mzingile-mwambiji ni njia za kumpoteza mtu. Aingiaye humo hana budi kupotea kwanza. Basi kusanyikeni jioni, watatu au wanne, mmoja asome kwa sauti, wala mtu asiulize maana mpaka mwisho. Hapo ndipo tutakapojua kama kosa ni la kitabu.