Mambrui na kalenda ya Kilifi: Mipango ya kijiji huandikwa lini?

MWAKA 2010 ulileta mambo mawili yaliyoigusa Mambrui. La kwanza lilitangazwa ulimwenguni kote: wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking, waliokuwa wakichimba katika mji huo mkongwe ulioko kaskazini mwa Malindi, walifukua sarafu ya Kichina ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala kutoka 1402 hadi 1424. La pili lilifanyika Nairobi mnamo Agosti 27 mwaka huo, pale Katiba mpya ilipozinduliwa na mwananchi wa kijijini akaahidiwa kuwa hatalazimika tena kungojea uamuzi wa mji mkuu ili achimbiwe kisima.

Kuhusu sarafu hiyo, mengi yameandikwa. Hata hivyo, ni hiyo ahadi ya pili inayomhusu mvuvi, mkulima wa mnazi na mama muuza samaki wa Mambrui kila uchao, na haijapimwa kwa makini hata nusu ya sarafu ilivyopimwa.

Mambrui iko umbali wa takriban kilomita 15 kutoka Malindi, ng'ambo ya Mto Sabaki, upande wa bahari wa barabara kuu iendayo Garsen na Lamu. Ni mji wa Waislamu wa tangu jadi, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina, na umezungukwa na vijiji vya Wagiriama ambao mashamba yao yametanda hadi bara. Kwa mpangilio wa kiserikali, uko katika eneo bunge la Magarini, ambalo lina wadi sita kati ya 35 za Kaunti ya Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika kaunti nzima.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, Magarini ilikuwa kwa muda mrefu tarafa ya Wilaya ya Malindi, wilaya iliyomegwa kutoka Kilifi mnamo 1996, na mambo ya Mambrui yalijadiliwa katika mabaraza ya Malindi. Diwani alijulikana nyumbani kwake. Mwenye malalamiko kuhusu soko au njia ya kwenda ufuoni alimbishia hodi. Wapo wanaozikumbuka siku hizo kwa hamu, lakini kumbukumbu hiyo ina upungufu. Mabaraza hayo hayakuwa na uwezo wa kupitisha bajeti bila idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa aliyeketi Nairobi, na sehemu kubwa ya fedha nchini ilimezwa na mishahara na madeni. Hazina iliyoanzishwa kwa sheria ya 1998 ilitenga asilimia tano ya kodi ya mapato kwa mabaraza yote ya nchi, na kuanzia 2001 yakatakiwa kuwahusisha wananchi katika kuchagua miradi. Diwani alikuwa karibu. Fedha ndizo zilizokuwa mbali.

Chini ya ugatuzi, fedha zimekaribia. Katika mwaka wa kifedha wa 2022/2023, mgao wa Kilifi kutoka kwa serikali ya kitaifa ulikuwa takriban Sh11.6 bilioni, bila kuhesabu ada zinazokusanywa na kaunti yenyewe. Ukiugawanya kwa idadi ya watu, ni kama Sh8,000 kwa kila mkaazi kwa mwaka. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya matumizi ya kaunti iende kwa maendeleo. Kama asilimia hiyo ya mgao ingegawanywa sawasawa kati ya wadi 35, kila moja ingepata karibu Sh100 milioni. Hazigawanywi hivyo, wala haipasi zigawanywe hivyo, kwa kuwa hospitali moja ya rufaa huhudumia wadi nyingi. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonyesha kuwa kinachoshindaniwa si kidogo.

Swali ni lini mkaazi wa Mambrui huulizwa fedha hizo zifanye nini. Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili, na jibu limo katika kalenda ambayo wananchi wengi hawajapata kuiona.

Kila kaunti huwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Kutokana nao, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha bungeni mwake mpango wa mwaka unaofuata kabla ya Septemba 1. Ifikapo Februari 28, huwasilishwa waraka wa mikakati ya kifedha, ambao huweka kiwango cha juu cha fedha kwa kila idara. Ifikapo Aprili 30 huja makadirio yenyewe ya bajeti, na mwaka wa kifedha huanza Julai 1. Mikutano inayovuta watu wengi, ile ya viti vya plastiki na hema, kwa kawaida ni ya makadirio ya bajeti. Wakati huo viwango vya idara vimeshakatwa. Mwananchi anayesimama mwezi wa Mei kuomba zahanati yake iongezewe wodi ya kujifungulia anaomba kitu ambacho kilipaswa kuombwa Agosti ya mwaka uliotangulia. Afisa humsikiliza kwa adabu, huandika, hushukuru. Hakuna aliyedanganya, na wodi haijengwi.

Jambo jingine linalowachanganya wananchi ni mgawanyo wa kazi. Katika mkutano mmoja husikika maombi ya madarasa ya shule ya msingi, hati miliki, askari wa doria, maji ya mfereji na barabara. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti zahanati, chekechea, masoko, usambazaji wa maji na barabara za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, usajili wa ardhi na ile barabara kuu ya Garsen ni za serikali ya kitaifa. Nusu ya maombi kwa hiyo huelekezwa kwa asiyehusika, na mwakilishi wadi mwenye busara ya kisiasa hachelei kuyapokea yote. Mbunge naye, kwa hazina ya maeneo bunge iliyoanzishwa mnamo 2003, amekuwa akijenga madarasa na kusifiwa kana kwamba fedha zimetoka mfukoni mwake.

Lugha nayo haisaidii. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Vitabu vya bajeti, vyenye mamia ya kurasa za majedwali, huandikwa kwa Kiingereza. Inashangaza kwamba katika pwani iliyokuwa ikiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya Nairobi kuwako, mzee anayetaka kujua soko limetengewa kiasi gani humhitaji mjukuu wake wa chuo kikuu.

Mahakama iliwahi kulitolea tamko suala hili. Mnamo Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kuwa tangazo la gazetini halitoshi, na kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu kwa njia zinazowafikia kweli, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za kienyeji. Kesi ilikuwa ya Kiambu, lakini ni rahisi kuuona uzito wake Mambrui, ambako tangazo linalosomwa baada ya swala ya Ijumaa hufika nyumba nyingi kabla jua halijatua, ilhali lile la tovuti ya kaunti humpata tu anayelitafuta.

Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 ilikusudia kuiziba pengo hili kwa kuweka ngazi chini ya wadi: vijiji vyenye msimamizi wake, akisaidiwa na baraza la wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano. Katika kaunti nyingi, utekelezaji wa ngazi hiyo umekwenda kwa mwendo wa kobe, sababu kuu ikitajwa kuwa mishahara. Pasipo ngazi hiyo, mipango hukomea katika ofisi ya msimamizi wa wadi, na wadi za Magarini ni pana, kutoka ufuoni hadi nyika kavu. Matakwa ya mvuvi na ya mfugaji huwekwa katika kapu moja.

Kuna suala zito zaidi ambalo kalenda yoyote haiwezi kulitatua peke yake, nalo ni ardhi. Mpango wa kujenga soko, banda la samaki au makaburi mapya huanza kwa kuuliza kiwanja kiko wapi na ni cha nani. Katika ukanda huu, swali hilo lina zaidi ya miaka 100. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wayawasilishe mbele ya wakoloni. Baadhi ya familia zenye mashamba makubwa zilipata hati. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Mnamo 1914, wakati wa vita vilivyohusishwa na jina la Mekatilili wa Menza, Waingereza waliwatimua Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ndiko huku huku Magarini. Baada ya Uhuru, ardhi ya Taji ikawa ya Serikali, na aliyekuwa na kalamu ya kuigawa alikaa Nairobi.

Matokeo yake yalionekana wazi kaskazini zaidi, Gongoni na Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi. Mnamo 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Wakaazi walieleza jinsi walivyofurushwa kwenye ardhi waliyoiishi kwa vizazi, visima vilivyogeuka kuwa vya maji ya chumvi na mikoko iliyoangamia. Halmashauri ya mtaa haikuwa na kauli ya maana katika ugavi wa ardhi hiyo, na leo pia kaunti haitoi hati. Jambo jipya ambalo kaunti inalo ni mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi: sheria inaitaka iandae mpango wa miaka kumi unaoonyesha wapi pawe pa makaazi, pa kilimo, pa viwanda na pa kuhifadhiwa.

Kwa Mambrui, mpango huo una uzito kuliko taa za barabarani zinazopigiwa makofi. Hoteli na nyumba za wageni zimefika ufuoni, matuta ya mchanga yanatamaniwa, na wavuvi wanahitaji mahali pa kutia nanga na njia ya kupita na samaki wao. Njia iliyochorwa katika mpango rasmi ni vigumu kuzungushiwa ua. Njia inayojulikana kwa mazoea tu huzibwa usiku mmoja, na kesi yake huchukua miaka.

Isitoshe, kuna mto. Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupokea maji ya Mto Nairobi, hupitia Ukambani na Galana, kisha humwaga tope lake baina ya Malindi na Mambrui. Utafiti wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, uliochapishwa mnamo 2007, ulionyesha kuwa udongo unaoletwa na mto huo uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kilimo cha wakoloni kilipopanuka katika bara. Bahari ya rangi ya kahawia ambayo hoteli za Malindi huilalamikia imetokana na mashamba ya mbali. Sabaki huo huo ndio unaotoa maji ya Baricho yanayonywewa hadi Mombasa. Hakuna mkutano wa wadi unaoweza kulipanga jambo kama hili, na ingekuwa hadaa kuwaambia watu wa Mambrui kwamba ugatuzi umewapa uwezo huo.

Yale yaliyo ndani ya uwezo wao yana majira yake, na kwa bahati majira hayo hayapingani na ya baharini. Mikutano ya Aprili na Mei huangukia masika, wakulima wakiwa shambani na njia za bara zikiwa matope. Julai na Agosti, kusi huvuma kwa nguvu na vyombo vingi vidogo hukaa pwani vikikarabatiwa. Wavuvi huwa nyumbani, mavuno ya kwanza yameingia, na mpango wa mwaka unaofuata bado ni rasimu katika meza za maafisa wa Kilifi, ukiwa umebakiza wiki chache kufikia Septemba 1.