Kifauongo Hakioni Haya

Mkaazi wa Mgogoni, kama wa kwengineko Kaskazini Pemba, anaishi katikati ya mimea: mikarafuu, minazi, kunde za kondeni, mikoko ya ufukweni. Ndiyo maana maneno juu ya mimea ni mengi, na mengine hupewa watoto kama elimu. Nayajibu hapa, kwa sababu baadhi yake humtia mkulima hasara na baadhi humfungia mtoto mlango wa kuuliza.

«Kifauongo kina haya, kikiguswa hujificha.»

Chuchumaa kando ya njia ukiguse kijani kimoja cha mmea huu kwa ncha ya kijiti. Vijani hujikunja jozi baada ya jozi, kuanzia pale ulipogusa. Ukigusa kwa nguvu zaidi, kikonyo kizima huanguka. Sasa tazama pale kikonyo kinapoungana na shina: pana kivimbe kidogo, na humo ndimo kazi ya kulishusha jani inamofanyika. Mguso huzusha mkondo mdogo wa umeme unaopita ndani ya jani. Ukifika kwenye kivimbe, seli za upande wa chini huachia potasiamu na kloridi, maji huzifuata nje, seli hulegea, na jani hushuka. Baada ya robo saa hivi, maji yakisharudi ndani, jani husimama tena. Mwanasayansi wa Kihindi Jagadish Chandra Bose aliupima umeme wa mimea ya aina hii mwanzoni mwa karne ya 20. Ni umeme na maji. Mishipa ya fahamu haimo, wala ubongo.

Wapo wanaorudi na hoja ya pili: mbona dawa ya usingizi hukilaza kifauongo, kama hakina hisia za mtu? Kweli hukilaza. Mfaransa Claude Bernard alilieleza jambo hilo katika mihadhara yake iliyochapishwa 1878. Alikifukiza kwa etha, na kilipoguswa hakikujikunja. Lakini etha hiyo hiyo ilizuia mbegu kuota na hamira kuchachua, na hakuna anayesema hamira inaona uchungu. Etha huvuruga kazi za seli, ziwe za mnyama au za mmea.

«Mmea ukishaota haujongei.»

Wanaosema hivi wamekwenda upande wa pili kabisa, nao wamekosea vile vile. Chomeka kijiti karibu na mharage wa kutambaa ambao bado haujapata pa kushika, kisha tia alama mahali ncha yake ilipoelekea. Rudi baada ya nusu saa. Ncha imeshahama, kwani huzunguka hewani hadi ikutane na kitu. Mwanasayansi Charles Darwin, akisaidiwa na mwanawe Francis, alitoa kitabu kizima juu ya mwendo wa mimea mwaka 1880. Duara moja la mharage huweza kumalizika kwa saa mbili hivi. Mwendo upo, ila jicho letu lina haraka.

«Mkwaju hufunga majani kwa kuwa giza limeingia.»

Giza lina sehemu yake, lakini si lote. Mwaka 1729 mwanasayansi Jean-Jacques de Mairan aliufungia gizani mmea wenye tabia hiyo, nao ukaendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku bila kuliona jua. Mmea una saa yake ya ndani, na jua huirekebisha tu.

«Kunde zimelaza majani mchana, zina kiu, zimwagie.»

Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa linawachosha watu kubeba ndoo juani bila sababu. Jani la kunde lina vijani vitatu, na kila kimoja kina kivimbe chini yake, cha aina ile ile ya kifauongo. Jua likiwa kali, vivimbe hivyo huvigeuza vijani hata miale ikapita ubavuni badala ya kupiga bapa lote. Jani hupungukiwa na joto na hupoteza maji kidogo. Basi kabla ya kukimbilia ndoo, lishike jani. Likiwa kakamavu na kikonyo kimesimama, limejikinga lenyewe. Likiwa teketeke na kikonyo kinaning'inia, limenyauka. Udongo mkavu huongeza kujigeuza huko, kwa hiyo kipimo kizuri ni alfajiri: kunde iliyolegea kabla ya jua kuchomoza ina kiu ya kweli.

«Mnazi huinamia bahari kwa kupenda maji ya chumvi.»

Mnazi hufuata mwanga. Upande wa bara umezibwa na miti mingine, upande wa bahari uko wazi. Mmea unaopata mwanga upande mmoja hukusanya homoni ya auksini upande wa kivulini, seli za huko hurefuka, na ncha hupinda kuelekea nuruni. Mara nyengine ni mawimbi tu yaliyokula mchanga wa chini yake.

«Mizizi siku zote huenda chini.»

Mingi huenda chini kweli. Ncha ya mzizi ina chembe za wanga nzito zinazotua chini ya seli, na kwa hizo mzizi hujua chini ni wapi. Lakini nenda kwenye mikoko maji yakitoka. Kuuzunguka mkoko uitwao mchu kumejaa vijiti vilivyochomoza topeni kama vidole. Hivyo ni mizizi iliyoota kwenda juu, kwa sababu tope la mikoko halina hewa ya kutosha. Matundu madogo kwenye ganda la mizizi hiyo huingiza hewa, ambayo hushuka hadi kwenye mizizi iliyofukiwa.

Kwa hiyo tunaoshuka pwani kutafuta chaza na kombe tusivikate vijiti hivyo kwa kudhani ni machipukizi yasiyo na kazi, wala tusivifukie kwa kifusi. Mchu uliofukiwa mizizi ya hewa hukosa pumzi, na hufa.