Sinema ya fuvu la kioo imedharau jasho la watu

Naomba nitoe maoni yangu kuhusu sinema za Indiana Jones, yule mwalimu wa chuo mwenye kofia na mjeledi, anayesaka vitu vya kale. Wapenzi wa sinema wanajua kuwa tatu za kwanza, za mwaka 1981, 1984 na 1989, zilipendwa mno. Kisha mwaka 2008, baada ya kimya cha miaka 19, ikaletwa ya nne, ile ya fuvu la kioo. Wengi tuliikuta haina ladha.

Wapo wanaosema kosa ni uzee wa Harrison Ford, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 65. Sikubaliani nao hata kidogo. Sean Connery aliigiza baba yake katika sinema ya tatu akiwa na mvi kichwani na kidevuni, na ndiye aliyeitia utamu. Kosa la sinema ya nne ni kudharau jasho la binadamu.

Tuanze na namna ilivyotengenezwa. Katika sinema ya kwanza kuna mahali Indiana Jones anaburutwa chini ya lori linalokwenda mbio. Picha hizo zilipigwa Tunisia, na aliyeburutwa alikuwa mtu wa kweli, Terry Leonard, aliyejitoa mhanga badala ya Ford. Nyoka nao walikuwa wa kweli, maelfu. Ndiyo maana mtazamaji alishika roho mkononi. Katika sinema ya nne, nyani wanaorukaruka na siafu wanaokula watu wametengenezwa kwa kompyuta. Shujaa mwenyewe anajificha ndani ya jokofu, bomu la nyuklia linalipuka, jokofu linarushwa mbali, naye anatoka mzima, anajipangusa vumbi. Mtu asiyeweza kufa atamtia nani wasiwasi?

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kisa chenyewe. Hadithi inatupeleka Nazca, nchini Peru, kisha katika mji uliofichika msituni. Huko tunaambiwa kuwa wenyeji walifundishwa kilimo na umwagiliaji na viumbe waliotoka nje ya dunia yetu. Ndugu Mhariri, watu wa Nazca ni watu wa kweli. Walichimba mifereji chini ya ardhi kupitisha maji katika nchi kame, na baadhi ya mifereji hiyo inatumika hadi leo. Kazi ya majembe yao na akili zao wanapewa wageni wa angani!

Kwetu Waafrika wimbo huu si mgeni. Wakoloni walipoona kuta za mawe za Zimbabwe Kuu walikataa kwamba zimejengwa na Waafrika. Wakawatafuta wajenzi mbali, hata kwa Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 mtaalamu Gertrude Caton-Thompson alichimba pale na kuthibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika. Hapa kwetu tunayo Engaruka, yenye mifereji na makinga maji ya mawe ya wakulima wa kale. Mimi hufundisha historia. Mtoto akizoea kusikia kwamba kila jambo kubwa la watu wasio wazungu lilifanywa na mgeni, nitamfundishaje kujiamini?

Najua nitaambiwa kuwa hii ni burudani tu, na kwamba sinema hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 780 duniani. Fedha zilitoka kwa watu waliokuwa na hamu ya miaka 19. Si ushahidi kwamba walishiba. Na burudani ndiyo inayoingia kichwani bila hodi, kuliko somo la darasani.

Mwaka 2023 ikaja ya tano, Ford akiwa na miaka 80. Safari hiyo chombo kinachosakwa ni kazi ya Archimedes, mtu wa kweli wa kale, na hilo nalisifu. Lakini mwanzoni uso wa Ford umerudishwa ujanani kwa kompyuta. Mikunjo ya mzee ni jasho lake pia. Kwa nini ifutwe?

Sinema ya tatu ilimalizika vizuri, shujaa na wenzake wakiondoka juu ya farasi jua likizama. Hadithi iliyokwisha agwa hivyo, anayeirudisha aje na neno jipya, si njaa ya fedha. Nasi walimu na wazazi, watoto wakitazama sinema za namna hii, tuwaulize swali moja tu: mifereji ile aliichimba nani?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kongwa, Dodoma.