Nani Kasema Lazima Uende Diani?

Kuna imani iliyoota mizizi katika miji yetu, kuanzia Maua hadi Embu, na hakuna anayethubutu kuigusa: kwamba mtu akikaribia siku yake ya kuzaliwa, lazima asafiri. Na si kusafiri kwenda Chuka au Kiritiri. Ni kwenda penye mchanga mweupe na mnazi ulioinama, upigwe picha ukiwa na miwani ya jua, kisha uandike chini yake kwamba unamshukuru Mungu kwa mwaka mwingine. Ukibaki nyumbani wikendi hiyo watu wanakuonea huruma. Wanadhani umefilisika, umeachwa au unaumwa.

Mimi natimiza miaka 40 mwezi ujao, na swali ninaloulizwa ni lilelile, "Unaenda wapi?" Katika kundi la WhatsApp la wenzangu tuliosoma pamoja, mmoja alikwisha kunipangia: Diani, siku tatu, lipa polepole. Nilipojibu kwamba nitakaa kwangu na vitabu, kundi lilinyamaza kidogo, kisha mwingine akauliza, "Kwani unafanya mtihani gani tena?"

Katika swali hilo kuna imani mbili zilizooana. Ya kwanza inasema mapumziko hupimwa kwa kilomita. Ya pili inasema kitabu ni chombo cha mtihani, na mtu mzima aliyekwisha kupata kazi akionekana nacho, basi kuna kitu kimemwendea vibaya. Zote mbili nazikataa.

Tuanze na wikendi yenyewe, maana wanaotuambia tuitumie vizuri huzungumza kana kwamba tunayo. Wikendi ya mtu wa Meru au Embu si mali yake. Ijumaa jioni kuna kikao cha kamati ya mazishi. Jumamosi ni mazishi yenyewe: mochari saa moja asubuhi, msafara wa magari yenye riboni, hema, hotuba za wanasiasa ambao hawakumjua marehemu, sahani ya wali na minji, halafu kurudi barabarani jua likizama. Pasipokuwa na mazishi kuna mahari. Pasipokuwa na mahari kuna mchango wa karo au wa bili ya hospitali. Jumapili ni kanisa, na kanisa letu halijawahi kukosa mkutano baada ya ibada. Aliye na majani chai kule Kionyo au Rukuriri ana bosi mwingine kabisa, kwa sababu chai ikikomaa haiulizi leo ni siku gani.

Silalamiki. Kuzikana ni deni, na siku moja nami nitalipwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetoka wikendi tatu mfululizo, akabanwa kwenye matatu ya watu kumi na wanne hadi Igoji, akasimama juani na kula kwa kuchuchumaa, huyo akiambiwa kwamba ili apumzike lazima apande gari tena, anaonewa. Kutoka Meru hadi Pwani kupitia Nairobi ni karibu kilomita 700. Katika zile siku tatu za Diani, ondoa ya kwenda, ondoa ya kurudi. Iliyobaki ni siku moja, nayo nusu yake unailala kwa uchovu.

Na barabara yetu si ya mchezo. Mnamo 24 Julai 2022, siku ya Jumapili, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia mtoni kwenye daraja la Nithi, watu zaidi ya 30 wakafa. Siwalaumu wasafiri wale, wala sijui kila mmoja alikuwa na safari gani. Lakini sisi tunaopita pale tunajua jinsi gari zima linavyonyamaza mteremko unapoanza, hata kondakta. Mtu aliyejua ukimya huo hasemi "twende tu" kwa wepesi.

Watanijibu kwa methali: tembea ujionee. Sawa, wahenga walisema ujionee. Hawakusema ujipige picha. Nawajua watu waliokwenda Mombasa mara nyingi kuliko walivyokwenda kwa wakwe, ambao hawajawahi kuvuka lango la Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Wanaijua hoteli, kidimbwi na kile kibao cha herufi kubwa cha kupigia picha. Wenyeji waliowaona ni mhudumu wa meza na mwenye ngamia. Pwani ina mashairi ya karne nyingi, ina misikiti ya kale, ina watu wenye maneno matamu kuliko halua yao, na mgeni wetu amerudi Runyenjes akisimulia ukubwa wa kamba aliowala.

Sina ugomvi na Pwani. Ajira za watu kule zinategemea wageni, na kijana wa Nairobi anayekaa chumba kimoja bila dirisha ana haki ya kwenda kuiona bahari. Ugomvi wangu ni na neno "lazima". Likishasemwa hilo, wa kwanza kuumia ni yule mwalimu wa shule ya msingi anayechukua mkopo wa simu ili wenzake wasimcheke. Anarudi Jumapili usiku na picha 80 na deni la miezi mitano. Anayeuza safari kwa mafungu anajua hilo, na ndiyo maana matangazo yake huyapamba kwa puto na keki.

Na hii siku ya kuzaliwa yenyewe, tangu lini imekuwa bwana wetu? Wazee wengi wa huku vitambulisho vyao vina mwaka wa kukadiria, na panapotakiwa tarehe kamili huandikwa 1 Januari. Nyanya yangu akiulizwa alizaliwa lini, alisema ni wakati wa nzige, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwanamume wa Kimeru hakuhesabiwa kwa keki, alihesabiwa kwa nthuki, rika la wale aliotahiriwa nao. Ukisema wewe ni Ratanya, au Lubetaa, au Miriti, umesema umri wako na ndugu zako kwa pumzi moja. Umri ulikuwa jambo la wengi. Leo kila mtu ana siku yake, na kwa kuwa ni yake peke yake, inambidi aishangilie kwa kelele ili wengine waione. Sisemi turudi huko; nami napenda keki. Lakini tusidanganyane kwamba safari ya siku ya kuzaliwa ni mila isiyovunjwa. Umri wake haujafika hata wa simu zetu za kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni dharau iliyojificha ndani ya imani hii, kwamba hapa tulipo si mahali. Hapa ni pa kuzaliwa, kuchuma chai, kuzika na kutoka. Watalii wanavuka bahari kuja Mbuga ya Meru, ambako Elsa, yule simba jike wa Joy Adamson, alizikwa kando ya Mto Ura. Kitabu cha Adamson kumhusu Elsa kilitoka 1960 na kikasomwa dunia nzima. Muulize mtu wa Nkubu alikisoma lini. Ikweta inakatiza kusini kidogo tu ya mji wa Meru. Tunaivuka tukienda kununua mbolea, macho kwenye simu, tukitazama picha za mtu aliye Zanzibar. Watu wa Mbeere wana maziwa ya mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, na sehemu ya stima inayowasha taa za hoteli za huko Pwani inatoka hapo. Asante yenyewe hatujaisikia.

Kisha kuna mlima. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza kule Nanyuki, walitoroka ili kuupanda Mlima Kenya. Hawakutoroka kutafuta uhuru, maana walikusudia kurudi. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa ameutazama mlima ule kupitia ua wa kambi kwa miezi, akaona akiendelea kukaa bure atapata wazimu. Wakashona nguo kwa mablanketi, wakafua vyuma vya kukwelea barafu kutoka kwenye vyuma chakavu, wakaweka akiba ya chakula kidogokidogo. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama. Mmoja aliugua njiani, kilele cha Batian kikawashinda Benuzzi na mwenzake kwa theluji, wakapanda Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha wakashuka na kujirudisha kambini. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha upweke, na mkuu wa kambi, aliyependezwa na ushujaa wao, akawatoa baada ya siku saba.

Watu hao hawakuwa na likizo wala senti. Walikuwa na macho, na muda wa kutazama kitu kimoja bila kuchoka. Sisi mlima uko juu ya jikoni zetu. Njia ya Chogoria, ambayo wapandaji wengi huisifu kuwa nzuri kuliko zote, inaanzia kwetu. Miaka 20 baada ya wale wafungwa, bendera ya Kenya huru ilipandishwa kwenye mlima huohuo na Kisoi Munyao, Desemba 1963. Nasi tunauinulia macho asubuhi kuangalia kama nguo zitakauka.

Mtu atasema hapo nimejikanyaga: nasifu kukaa nyumbani, kumbe mfano wangu ni wa wapanda mlima. Sijajikanyaga. Ninachokipinga ni kwenda bila kujua unakokwenda na kuondoka bila kujua unakotoka. Anayesoma kwanza, hata akienda hapo Karue kwa bodaboda, amesafiri. Asiyesoma anaweza kufika Dubai na kurudi na begi jipya tu.

Kuhusu kusoma, msiniambie watu wa huku hawapendi vitabu. Katika mji wa Meru kuna muuzaji wa vitabu vya mtumba anayetandika turubai lake kando ya njia na kuvipanga: vya kutajirika kwa siku 30, tafsiri za Biblia, hadithi za mapenzi zilizochanika jalada, na vitabu vya fasihi vya shule. Hakai bure. Juzi nilinunua kwake *Kifo Kisimani* kwa bei ya kikombe cha chai na mandazi mawili. Ukurasa wa kwanza una majina matatu ya wanafunzi, mawili yamekatwa kwa kalamu. Pembeni mwa maneno ya Mwelusi mtu ameandika kwa penseli "MHUSIKA MKUU", akapiga mstari mara mbili, na chini kabisa "maudhui: uongozi mbaya". Baada ya hapo kurasa ni safi hadi mwisho. Mtihani ulikuwa umepita.

Maelfu walikisoma kitabu hicho miaka ya 2000 kwa sababu kilikuwa cha lazima katika shule za upili. Mwandishi wake, Kithaka wa Mberia, ni mtu wa Tharaka, hapo chini ya Chuka, mshairi na profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni wangapi wetu waliowahi kushika diwani yake hata moja baada ya kumaliza kidato cha nne? Tulimsoma jirani yetu kwa ajili ya alama, tukamwacha kwenye turubai. Embu nako kuna hoteli kongwe iitwayo Izaak Walton. Harusi zimefanyiwa hapo, na semina, na mikutano ya kugawana vyeo. Walton alikuwa Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu kuvua samaki kwa ndoana, kikachapishwa 1653, na bado kinasomwa. Jina la mwandishi liko langoni, na ndani tunaulizana tu Wi-Fi ni gani.

Kwa hiyo wenzangu wa kundi la WhatsApp wasinichangie nauli. Anayetaka kunipa zawadi, aninunulie diwani ya Kithaka, au kitabu cha Benuzzi kuhusu safari yake ya mlimani, hata kikiwa na majina ya watu watatu. Na waheshimiwa wa kaunti zetu, Meru, Tharaka Nithi na Embu, mnaotumia pesa za utalii kwa mabango ya kuwaita wageni, nawaomba jambo rahisi: nunueni vitabu vinavyohusu huku, mviweke katika maktaba za umma, na maktaba hizo ziwe wazi Jumamosi kutwa na Jumapili alasiri, wakati ambao mtu aliyerudi kutoka mazishini au kanisani anaweza kuingia, akakaa, asiulizwe anafanya mtihani gani.